Udongo Uliopumzishwa Siku Tisa

Jumatatu, 13 Januari

Mvua tangu alfajiri. Turubai mbili zimechanika, udongo umelowa pembeni. Nimewafokea vijana mpaka sauti imekauka. Tangi la tatu linavuja. Fundi anasema kesho. Kesho yake naijua.

Yule mzee wa Mwakitolyo hakuja. Kila mwaka huniletea marudio yake, mchanga uliokwisha kuoshwa kule mwaloni wachimbaji wanakooshea, nitoe dhahabu iliyobaki. Simu inaita, hapokei. Labda barabara imeharibika.

Jumatano, 15 Januari

Si barabara. Lori lake nimeliona kwa macho yangu mawili likiingia kwa Deus, ng'ambo ya pili ya barabara. Deus! Mwenye mtambo ulioharibu mchanga wa watu miaka yote, halafu anasingizia majini.

Nikapita mbele ya lango lake polepole, nimeinua simu kama natafuta mtandao. Nikaona. Udongo umetandazwa chini, mwembamba, mweupe kwa chokaa, vijana wanaufunika turubai. Vilevile kama kwangu.

Udongo wa huku ni mbishi. Una ukijani fulani unaokula dawa yote ya kuyeyushia dhahabu kabla haijaigusa dhahabu yenyewe. Ukiuweka tangini mbichi, umepata hasara. Unatakiwa kupumzishwa: chokaa kwa kipimo chake, maji kidogo, kugeuzwa kila asubuhi, siku tisa. Siku ya kumi ndipo uingie tangini. Basi. Vijana wangu wanageuza tu, wanadhani tunasubiri zamu ya tangi. Kipimo na siku tunajua wawili, mimi na Masanja. Ndiyo maana watu wanatoka hadi Nyarugusu kuniletea mchanga. Siri hiyo ikienda, mtambo umekwenda, na mimi nyuma yake.

Wawili tu. Mimi sijasema.

Alhamisi, 16 Januari

Sikulala vizuri. Nimemwangalia Masanja siku nzima. Msimamizi wangu wa mtambo, miaka sita sasa. Baba Kulwa. Mtu wa maneno machache. Zamani niliona ni sifa.

Saa nne simu yake iliita, akatoka nje ya ukuta kupokea. Kwa nini nje? Ndani mtandao upo. Aliporudi nikamuuliza nani huyo. Akasema ni nyumbani. Sikumwamini.

Jumamosi, 18 Januari

Amekunywa chai kwa mama lishe pamoja na dereva wa Deus. Mama lishe mwenyewe kaniambia, wala sikumuuliza. Eti walikuwa wanacheka. Masanja huyu wa kucheka? Kwangu hajawahi kuonyesha hata jino.

Na ana tairi mpya mbili kwenye pikipiki.

Kikulacho ki nguoni mwako. Marehemu mama alikuwa akisema hivyo, nami nilikuwa nacheka.

Jumatatu, 20 Januari

Nimekwenda Shinyanga mjini kwa wakili. Anaitwa Leticia, binti mdogo, nilidhani ni karani. Ana maswali kama askari wa barabarani.

Kwanza, jambo lenyewe wengine hawalijui? Hawalijui. Pili, thamani yake inatokana na huko kutojulikana? Ndiyo, kabisa. Tatu, umelilinda vipi? Nikamwambia nimelifungia kifuani. Akasema kifua hakipelekwi mahakamani. Mkataba wa maandishi na msimamizi? Hakuna. Karatasi yoyote inayomkataza kusema? Hakuna. Tulikubaliana kwa mdomo, mtu na mtu. Akatikisa kichwa. Anasema sheria hailindi kila tunachokiita siri, inalinda siri ambayo mwenyewe aliitunza kama siri.

Akauliza nani mwingine anajua. Nikaapa: mimi, Masanja na Mungu. Akauliza niliipataje. Nikasema ni habari ndefu. Aliniangalia kidogo, halafu akaandika kitu. Sikupenda alivyoandika.

Ameahidi kuandaa barua ya kumtaka Deus aache. Lakini anataka ushahidi kwamba Masanja ndiye aliyetoa. Ushahidi nitaupata.

Jumanne, 21 Januari

Nimetega mtego. Asubuhi nimemwita Masanja pembeni nikamwambia, kuanzia sasa siku tisa hazitoshi, nimegundua kumi na nne ndizo nzuri. Mwenzio usimwambie. Alinikazia macho. Akasema, "Kumi na nne ni nyingi, Mama Grace, chokaa inashika, udongo unakuwa mawe." Nikamwambia afanye ninavyosema. Akasema haya.

Deus alitandaza tarehe 14, huo ndio udongo niliouona. Siku ya kumi ni Alhamisi. Asipoufunua, nimemshika mtu wangu.

Alhamisi, 23 Januari

Mvua. Turubai za Deus hazijafunuliwa.

Jumamosi, 25 Januari

Mvua imeacha tangu jana jioni. Turubai za Deus bado! Siku ya kumi na mbili. Nani kamwambia asubiri? Nani, kama si Masanja?

Nimemfukuza. Saa tatu asubuhi, mbele ya vijana, ili iwe fundisho. Nilisema mengi. Nilimwita nyoka. Nilimwambia nimemlisha, na yeye kaniuza. Alivua buti za mtambo, akazifuta matope, akazipanga pale ukutani. Akaniambia tangi la pili lifunguliwe Jumatatu, isipite. Akawasha pikipiki yake.

Angekuwa hana hatia si angebisha? Mtu asiye na hatia hupiga kelele. Mimi ningepiga kelele hadi Kahama wangesikia.

Nina raha. Hapana. Nina hasira tu, na njaa imenipotea.

Jumanne, 28 Januari

Barua imepelekwa kwa Deus. Kurasa mbili, mhuri, maneno mazito. Leticia amefanya kazi nzuri, nakubali. Nimesaini mpaka karatasi ikatoboka.

Tangi la pili nimesahau kulifungua jana.

Jumamosi, 1 Februari

Kijana niliyemweka badala ya Masanja amekosea kipimo cha chokaa. Udongo umeganda. Tumeuvunja kwa nyundo. Sikuweza kumweleza vizuri ni kiasi gani. Nilikuwa nikisema "kama kawaida", na Masanja anajua kawaida ni ipi.

Sasa najiuliza mambo ambayo sitaki kujiuliza. Mvua ile ya siku tatu, hata mimi sikufunua turubai zangu.

Alhamisi, 6 Februari

Leticia kapiga simu, njoo. Sauti yake haikuwa nzuri.

Deus amejibu kupitia wakili wake. Ukurasa mmoja tu. Anasema hakuibiwa mtu wala hakuhongwa mtu. Habari za kupumzisha udongo alizisikia kwangu mimi mwenyewe, kanisani, Sikukuu ya Mavuno mwaka jana, nilipotoa ushuhuda mbele ya waumini wote. Yeye alikaa benchi la nne. Na kama ninabisha, video ipo kwenye kundi la simu la kwaya. Wameiambatanisha.

Leticia akaiweka mezani tukaangalia. Ni mimi. Kitenge changu cha bluu, kipaza sauti mkononi. Nasema Bwana alinijia ndotoni, akaniambia mwanangu, uchukue chokaa ndoo moja kwa kila toroli tano, ukaupumzishe udongo siku tisa. Wamama wanapiga vigelegele. Mimi narudia: siku tisa! Kanisa lote linaitikia: siku tisa!

Yesu wangu. Nilisahau kabisa. Kwangu mimi haikuwa kutoa siri. Ilikuwa kumshukuru Mungu, na Mungu hashukuriwi nusunusu.

Leticia alizima simu taratibu. Akasema kesi hakuna. Siri iliyotangazwa kwa kipaza sauti haina mlinzi. Hakunicheka. Ningeona afadhali angenicheka.

Ijumaa, 7 Februari

Sijaenda mtamboni. Naona aibu hata mbele ya matangi.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Sikuota ndoto yoyote.

Mwaka ule wa kwanza pampu iliharibika, lundo likakaa nje. Masanja ndiye aliyegundua kwamba lundo lile lilitoa vizuri kuliko mengine. Ndiye aliyejaribu siku tatu, sita, tisa, kumi na mbili, anaweka vijiwe juu ya ukuta asisahau hesabu. Ndiye aliyekuja kuniambia, kofia mkononi. Nikamwambia vizuri, usimwambie mtu. Hakumwambia mtu.

Halafu nikasimama kanisani nikasema ni ndoto yangu. Ushuhuda wa mfanyakazi aliyetumia akili hauna vigelegele. Na Masanja alikuwepo. Alikuwa amenishikia mbuzi wa shukrani, hatua tatu kutoka niliposimama.

Nimemwita mwizi wa kitu chake mwenyewe. Sijui nilie au nijipige kofi.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda kanisani. Nimekwenda kijijini kwa Masanja, kwa bodaboda, njia mbaya, matope hadi magotini. Mkewe, Mama Kulwa, alinipokea kama mgeni yeyote. Kigoda, viazi vikavu, karanga. Nikashukuru kwa Kisukuma, wabeja. Hakuniuliza kilichonileta.

Masanja alikuwa kwenye pamba, anapalilia. Nikabeba kigoda mpaka shambani nikakaa mwisho wa mstari. Nikamweleza yote: barua, video, mvua. Nikamwomba msamaha. Nililia, sikutaka kulia. Jembe lake halikusimama.

Nikamuuliza kama atarudi. Akasema pamba kwanza. Sikuthubutu kuuliza baada ya pamba ni nini.

Halafu nikamwambia, ile ndoto, sikuota.

"Najua, Mama Grace," akasema.

Akaendelea kupalilia. Nami nikakaa pale mpaka mstari ukaisha.