Nafundisha Walimu Kuingia Darasani, Mimi Mwenyewe Siingii

Mpendwa mshauri, Shangazi yetu, naomba msaada, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujanicheka, maana mume wangu ameshacheka na hajanisaidia kitu.

Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, huu ni mwaka wa kumi na saba, na nilikuwa mwalimu mzuri, hilo nalisema bila kujisifu, lakini miaka miwili iliyopita mkuu wetu wa shule alinituma kwenye semina ya kuboresha shule za sekondari kwa sababu walimu wengine walisema wana vipindi, mimi pia nilikuwa na vipindi ila sikujua kukataa, basi nikaenda, nikachangia mada, nikapigiwa makofi, jina langu likaandikwa mahali, na tangu siku hiyo kila semina ikija naitwa mimi. Nimesomea ufundishaji shirikishi, nimesomea uongozi wa mabadiliko, nimesomea namna ya kumweka mwanafunzi katikati, tulichora duara kwenye bango na mwanafunzi tukamchora katikati, akatoka mzuri kweli, na saa hiyohiyo wanafunzi wangu halisi, sitini na wawili, walikuwa wanatazama ubao nilioandika "Someni ukurasa wa 41 hadi 60." Muhula uliopita peke yake nilisafiri mara tisa, begi langu halikai kabatini.

Na nisikufiche, Shangazi, nilipenda. Ukumbini viti ni laini, chai inakufuata ulipo, mwezeshaji anauliza maswali ambayo kila jibu ni sahihi, ukisema lolote unaambiwa "mchango mzuri sana," wakati kule maabara bomba limekufa, chupa nzima za kupimia zimebaki tatu, na mtoto akikuuliza usichokijua huwezi kumwambia abandike swali lake ukutani tutalijadili baada ya chai. Hata nyumbani nimeharibika, juzi watoto waligombania rimoti nikawagawia vikaratasi waandike matarajio yao, mume wangu naye akachukua kimoja, akaandika, "Natarajia mke wangu arudi," na mimi nilikuwa nimekaa palepale mbele yake.

Sasa shuleni tuna fundi wa maabara, mtu mzima wa koti la kijivu, wanafunzi wanamwita Mjomba Tone kwa jinsi anavyowahesabisha matone ya asidi moja moja. Hana cheti cha ualimu, kazi yake ni kuosha vyombo na kutunza kemikali. Siku moja nimerudi safari nikakuta kidato cha nne kimya, nikajua wametoroka, nikachungulia dirishani, kumbe wote wamo, wamekata chupa za maji ya kunywa wamezifanya vyombo vya kupimia, na binti mmoja ambaye kwangu hajawahi kufungua mdomo mwaka mzima alikuwa anawaeleza wenzake kwa nini rangi imegeuka, Mjomba Tone amekaa pembeni kwenye kigoda, ananyamaza. Mtu mwenye akili angeingia akamshukuru, mimi nilimshukuru Mungu kwamba darasa lina mtu, nikaenda ofisini kujaza fomu ya semina nyingine.

Mwezi uliopita wakaguzi wakaja kuangalia matunda ya mafunzo. Wakaliona darasa lile, wakatikisa vichwa kwa furaha, mkuu akawaambia bila kupepesa macho, "Haya ni matunda ya mwalimu wetu, na huyu fundi ni msaidizi aliyefundishwa naye." Wakauliza mwalimu mwenyewe yuko wapi. Shangazi, nilikuwa kwenye semina, na mada ya siku ile ilikuwa uwepo wa mwalimu darasani, na mtoa mada nilikuwa mimi.

Sasa nimealikwa kwenye kongamano la walimu mia tatu, wiki mbili zijazo, nikaeleze nilivyofanya. Ikabidi nimfuate Mjomba Tone nimuulize alivyofanya.

Akaniambia, "Mwalimu, mimi sina mbinu. Nawauliza swali, halafu nanyamaza."

"Unanyamaza kwa muda gani?"

"Mpaka wajibu."

Nikaandika kwenye slaidi, "Mbinu ya Ukimya Shirikishi, hatua saba." Akaisoma polepole, midomo ikitembea, akaniuliza kwa nia njema kabisa, "Na hizo sita nyingine ni zipi?"

Ningekuwa nimekuandikia kwa aibu hiyo tu, ila akaongeza jambo ambalo linaninyima usingizi. Akasema, "Mwalimu, hesabu za moli zimenishinda. Za vipimo nimewafikisha, lakini hizo sikusoma, na watoto nimewaambia ukweli kwamba hapa tulipofika anayejua ni wewe. Wanakusubiri." Moli ndizo hesabu za kiasi cha kemikali, na mtihani wa taifa umebaki wiki tano. Nikaenda kwa mkuu kumwomba anitoe kwenye kongamano, akasema, "Moli zitasubiri, wageni hawasubiri. Na ukianza kusema fundi ndiye aliyefundisha, jua wa kwanza kufukuzwa ni yeye, maana hana cheti." Ijumaa nilijikaza nikaingia darasani kama mwalimu wa mazoezi, wanafunzi wakasimama, wakaniletea kiti cha wageni, na kijana aliyehamia kwetu mwaka huu akaniuliza kwa adabu, "Samahani mama, wewe ni mkaguzi?" Nikatoka, nikasema nimesahau miwani.

Nikisema ukweli nitamponza mtu mwema, nikinyamaza nitakuwa mwizi mbele ya walimu mia tatu, na nikikataa kwenda mkuu atanifanyia visa. Nifanyeje?

Wako, Mwalimu wa Begi.

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba. Kwenye zile hatua saba nilicheka, sikatai. Nilipofika kwenye moli nikaacha.

Kwanza pole, kwa sababu hukuanza kwa ubaya. Ulitumwa, ukasifiwa, na sifa ni kama pilipili, ukiizoea chakula kingine chote kinakuwa chapwa. Wala sisemi semina ni mbaya. Mwalimu asiyejifunza anachakaa kama daftari la zamani. Lakini mafunzo ni dawa ya darasa, na wewe umekunywa chupa nzima mwenyewe, mgonjwa ukamwacha kitandani.

Sasa nikugombeze. Unaniambia unaogopa kumponza fundi. Hebu kuwa mkweli. Pale dirishani hukumwogopea, ulimwachia mzigo ukaenda zako, na muhula mzima amefanya kazi yako bila hata asante. Huruma hii imekuja siku uliyotakiwa kusimama mbele ya watu. Huo ni woga, mama, umevaa nguo ya kuazima.

Kesho asubuhi ingia darasani. Kiti cha wageni ukiletewa tena, kitoe nje kwa mkono wako mwenyewe. Waambie watoto, "Niliwaacha, nimekosa, leo tunaanza moli." Usizidishe hapo, usiwalilie, watoto wa mtihani hawana muda wa machozi yako. Mwombe Mjomba Tone abaki na kigoda chake. Wewe una hesabu, yeye ana subira, na hao sitini na wawili wanahitaji vyote viwili. Ukikosea ubaoni futa uanze upya, chaki haijali.

Kuhusu mkuu wako, usibishane naye kwa mdomo, atakuzidi. Mwandikie barua fupi, nakala kwa wakaguzi. Andika kwamba mwalimu wa somo ni wewe, kwamba hukuwepo, kwamba kosa ni lako na la aliyekupa ruhusa kila mara, na kwamba fundi alilinda darasa lililoachwa. Ukilibeba kosa mwenyewe, kwa maandishi na kwa saini yako, itakuwa vigumu kumtwika mtu mwingine. Omba humohumo fundi atambuliwe rasmi kuwa msaidizi wako wa vitendo. Utapata visa, ndiyo. Utapewa zamu ya kusimamia usafi wa vyoo mwaka mzima. Visa vya mkuu havijawahi kumuua mwalimu, ila kukosa mwalimu kumeua ndoto za watoto wengi.

Kongamano usiende. Wiki hiyo una vipindi, na hiyo ndiyo sababu inayotosha, wenzako wameitumia miaka miwili mbele ya macho yako. Wakisisitiza, waambie milango ya maabara iko wazi, waje watano watano, wakae benchi la nyuma, wanyamaze. Hakutakuwa na kipaza sauti wala slaidi, na chai watakunywa kwao. Watakaokuja hivyo ndio waliotaka kujifunza, na usishangae wakiwa wawili.

Na huko nyumbani, kusanya vikaratasi vyote uvitupe. Kaa na mume wako muongee.

Usiniandikie tena kuniambia unavyojisikia. Niandikie mtoto wa mwisho aliyekwama kwenye moli atakapokwamuka, tena uniambie ni swali gani lilimkwamua. Kabla ya hapo sina la kukujibu.