Tupa ya Baba Imekuwa Kishoka

Nyumba ya Bati Na. 9,
Barabara ya Kiwandani,
Drayton, North Dakota.

6 Machi 1994

Mpendwa Dada Verna,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua kimeacha kukusumbua. Delmer naye vipi, mgongo wa mumeo umenyooka? Mimi sijambo. Vidole viwili viliumwa na baridi mwezi wa Januari, lakini vimerudia rangi yake.

Kazi ni ile ile. Tunapakua viazisukari vya kukamuliwa sukari, vimeganda kama mawe, saa kumi na mbili kwa zamu, na harufu ya kiwanda inanifuata mpaka kitandani. Kuna siku naijibu redio, halafu nanyamaza kana kwamba nayo itaniuliza kitu. Usicheke.

Jumamosi ndiyo siku pekee ninayokaa na watu, au niseme na mtu. Ni mkulima kapera wa miaka sabini, Arvid Tveit, anayejifurahisha kwa uhunzi ghalani kwake. Tanuri lake ni ngoma ya breki ya lori, fuawe ni kipande cha reli. Amenifundisha. Kila Juni wahunzi wa namna yetu hukusanyika kushindana kurusha vishoka kwenye gogo, zile tomahoki, na sharti ni moja tu: unarusha ulichokifua mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Barua yako ilifika Jumanne. Unaitaka tupa ya Baba ya kusawazishia kwato za farasi, ile uliyonitumia baada ya mazishi, ili Delmer aizamishe kwenye saruji ya kaburi siku ya kusafisha makaburi mwezi wa Mei. Dada, Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimeshaikunja.

Nilitaka nirushe kitu ambacho Baba alikishika miaka yote ile ya kuvalisha farasi wa watu viatu. Sikufikiri zaidi ya hapo. Niliipasha moto mpaka ikawa njano, nikaikunja katikati kuzunguka nondo ili libaki tundu la mpini, nikazigonga ncha mbili zikashikana kuwa chuma kimoja. Ikaungana vizuri. Kisha nikaharibu. Makali huchovywa kwenye mafuta ili yawe magumu, lakini kwa baridi ile mafuta yalikuwa yameganda kama samli, nami sikuwa na subira. Nikayachovya makali kwenye pipa la maji lililokaa karibu na tanuri. Tukasikia "ti!" ya chuma kupasuka.

Arvid hakupaza sauti. "Unatia kwanza kipande kingine cha chuma cha moto kwenye mafuta, yanayeyuka. Hata ng'ombe wangu wanalijua hilo."

"Nilikuwa na haraka, mzee."

"Haraka ya kwenda wapi? Mke huna, mbwa huna."

Tulicheka wote wawili. Halafu nikatoka nje nikasimama kwenye theluji mpaka akaniita ndani ninywe kahawa.

Ufa ulikuwa kwenye pembe ya makali tu. Niliusaga ukaisha, kishoka kikabaki kifupi upande mmoja, nikakitia mpini. Meno ya tupa bado yapo ubavuni, ukipitisha kidole yanakwaruza.

Na kwa kuwa nimeanza kuungama, niungame yote. Nilikuambia theluji ilifunga barabara ndiyo maana sikuja kumzika Baba. Zilifungwa siku moja tu. Nauli nilikuwa nayo. Niliogopa kumwona amelala bila kuniuliza kama nimekula.

Jana nilikifunga kishoka kwenye karatasi nikakipeleka posta. Yule mama wa dirishani, Solveig, akauliza, "Ndani kuna nini, kaka?"

"Tupa."

Akakipapasa. "Tupa gani hii ina mpini mrefu hivi?"

"Basi, shoka."

"Amua, bwana wee, watu wako foleni."

Foleni yenyewe ilikuwa bibi mmoja na stempu zake. Lakini sikuweza kuamua. Nikakirudisha nyumbani.

Nitakuja nacho mwenyewe. Msimamizi amesema nikiondoka Mei nafasi yangu haitanisubiri, nikamwambia sawa. Ukikitazama ukaona hakifai kuwekwa kaburini, sitabisha. Ila usinijibu kwa barua. Hasira zako nitunzie mpaka nifike unimwagie zote usoni, maana huku sina hata mtu wa kunigombeza.

Nisalimie Delmer, na Shangazi Icie umwambie soksi zake zimeniokoa miguu. Mungu awafunike nyote humo nyumbani, na akupe usingizi mzuri baada ya kusoma haya.

Wako akupendaye, hata kama wiki hii wewe hunipendi,

Hollis