Mwaka wa Tano kwa Jina la Ayak

Lodwar,
Jumapili, 18 Agosti 2013

Mama yangu mpendwa Adhieu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote uliowaacha huku. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lako limepoa tangu ufike Bor, ingawa nasikia huko maji yako kila mahali na unyevu haupatani na mifupa. Je, nyumba imeshaezekwa? Mdogo wangu Jal ameingia shule, au bado anashinda na ng'ombe wa mjomba wake? Sisi tuko wazima kwa rehema za Mungu. Joto ni lile lile unalolijua. Mama yangu Atabo anakusalimu sana. Anasema tangu uondoke Kakuma hajapata mtu wa kugombana naye vizuri.

Barua hii anaileta mpwa wako Madut, anayekuja huko na bidhaa zake. Nimemwomba akusomee mahali penye utulivu. Na wewe Madut, tafadhali soma polepole wala usiruke mstari, hata ukifika mahali pagumu.

Mama, nianze na masomo. Mwezi wa Mei nilimaliza mwaka wa nne wa afya ya jamii kule chuoni Eldoret, na nilifaulu vizuri. Baada ya wiki moja mwalimu wangu aliniita akaniambia kuna mfuko unaowalipia wanafunzi wakimbizi mwaka mmoja zaidi wa shahada ile ile, yaani ada, chakula na malazi, mwaka mzima. Mwaka huo mwanafunzi anafanya utafiti pamoja na walimu, kisha anahitimu na shahada yenye uzito zaidi. Mimi ningefanya utafiti wa malaria ya watoto wa Kakuma. Niliomba, na mwezi wa Juni jina likatoka. Jina lililotoka, Mama, ni Ayak.

Nilipompelekea mama Atabo habari hii, alinishika mabega akanifariji. Kwake mwaka wa ziada maana yake ni kurudia darasa. Aliniambia nisione haya, hata mbuzi hodari huteleza kwenye mawe. Nilimweleza kwamba huu ni mwaka wa heshima, si wa adhabu, akaniuliza ni nani huyo anayemlipia ada mtu aliyekwisha kumaliza. Kesho yake majirani wakaja kunipa pole.

Wewe unayajua mambo yetu yote, lakini niruhusu niyaandike, maana kwa muda sasa nimeyageuza kichwani mpaka sijui lipi lilitangulia. Mwaka ule wa ukame mama Atabo alikuwa akikuletea kuni kila asubuhi, nami nikimfuata na mzigo wangu mdogo. Ulikuwa ukimpimia unga, na Ayak wako alikuwa akinigawia kisra yake, ule mkate mwembamba wa kwenu, nyuma ya nyumba. Tulikuwa na umri mmoja, miaka tisa. Kisha malaria ikamchukua kwa siku tatu. Wiki mbili baada ya maziko ulimwita mama ndani, mkakaa muda mrefu, mkatoka na macho mekundu. Ukanishika kidevu ukaniambia, "Siku ya mgao, ukisikia wanaita Ayak, wewe itika."

Nikaitika. Niliitika kwenye mgao wa chakula, kisha shuleni kambini, kisha kwenye mitihani ya taifa ya darasa la nane na kidato cha nne, kisha chuoni. Nyumbani kwetu ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, kwa Waturkana wenzangu nilikuwa Amuria, na nikivuka laga nikawa Ayak. Sikuona taabu yoyote. Mtoto huzoea, na uji wako ulikuwa mzito.

Taabu imekuja ukubwani. Mwezi wa Machi watu wote wa kwetu walipanga foleni kupiga kura, hata bibi kizee asiyeona. Mimi nilibaki nyumbani nikipepeta mtama, kwa sababu serikali inanijua kuwa mkimbizi aliyetoka Sudan. Na kambini, vijana wa kwenu wakinisalimu kwa Kidinka, nawajibu maneno yangu kumi kisha nasingizia nina haraka. Huku si kwangu, na kule si kwangu.

Sasa sikiliza lililotokea. Ule mfuko ulidai mzazi au mlezi aje mwenyewe kwenye ofisi yao hapa Lodwar aweke kidole gumba. Wewe ulikuwa umesharudi kwenu. Nikamwomba mama Atabo aje asimame kama mlezi wangu, nikamfundisha kwa siku mbili: akiulizwa kama Ayak ni mtoto wake, aseme ndiyo, basi. Alikubali. Alipanda lori la mkaa kutoka Kakuma, akafika amejaa vumbi jeusi mpaka kwenye shanga, akanawa uso, tukaingia.

Aliyetupokea ni Bi Keziah, mama wa makamo kutoka Nairobi, mpole, mwenye sauti ya chini. Karibu yake alikaa karani kijana, Lotiir, Mturkana wa hapa hapa, ndiye aliyekuwa akitafsiri. Bi Keziah alinisifu mbele ya mama. Akasema maombi yangu yaliwatoa machozi wote waliokuwa mezani. Kisha akauliza kupitia Lotiir, "Je, huyu Ayak ni mtoto wako?"

Mama akaitazama meza. Nikamgusa mguu kwa chini. Halafu akasema kwa Kiturkana, taratibu, kama mtu anayetua mzigo: "Mama wa Ayak ni Adhieu. Mimi nilimshikia huyo mtoto kichwa alipokuwa anakata roho. Siwezi kusema ni wangu."

Lotiir hakutafsiri. Alinitazama mimi, akaniuliza kwa lugha yetu, bila kubadilisha uso, "Dada, nimwambie nini?"

Mama, nimejiuliza swali hili kila siku. Bi Keziah hakuwa ameelewa neno hata moja. Lotiir alikuwa tayari kunificha, nilimwona. Neno moja tu lingenitosha, ndiyo, na mwaka wa tano ungekuwa wangu. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema, "Mwambie kama alivyosema." Mpaka leo sijui kwa nini. Si ushujaa. Labda nilichoka. Labda nilimwonea haya mama yangu na vumbi lake la mkaa. Sijui, Mama, kweli sijui.

Bi Keziah aliweka kalamu chini. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Aliniuliza jina langu la kuzaliwa, nikamwambia, akaliandika pembeni. Akasema hataniitia polisi, lakini ni lazima aripoti, na nafasi ile itakwenda kwa anayefuata. Anayefuata ni Boris, kijana wa Burundi niliyesoma naye kambini. Nilimpigia simu kumpongeza. Alilia kwa furaha, nami nikalia, akadhani namfurahia. Labda nilimfurahia.

Lakini lililonivuruga kabisa ni neno la mwisho la Bi Keziah, tukiwa tayari mlangoni. Alisema mfuko huo huo una nafasi nyingine za watoto wa wenyeji wanaoizunguka kambi, na mwaka huu mbili zilibaki wazi kwa kukosa mwombaji. Ningekuja kama Amuria ningeingia bila kusukumwa. Sikujua nicheke au nilie.

Nje nilitangulia mbele ya mama hadi mtoni Turkwel. Nilikuwa na hasira naye, na nilijua sina haki ya kuwa nayo. Tulikaa chini ya mikoma, akanywa maji, akaniambia bila kunitazama, "Nilikupa kwa Adhieu akulishe. Sikukupa kwa kaburi." Akasimama akaenda kutafuta lori la kumrudisha.

Baadaye nilikwenda kwenye ofisi ya wakimbizi kule Kakuma nikaeleza kila kitu. Niliwauliza kama wewe utasumbuliwa. Walisema kadi yako ilifungwa uliporudi kwenu na hawakufuatilii, basi usiwe na wasiwasi. Chuo nacho kimesema alama ni zangu na hakuna wa kuninyang'anya, lakini hawawezi kutoa cheti mpaka jina lirekebishwe kwa kiapo cha mahakamani. Na kiapo hicho kinahitaji karatasi kutoka kwako. Nitalifikia hilo. Kwanza kuna jambo ambalo hata mama Atabo hajui.

Kwenye maombi ya ule mfuko kulikuwa na swali: ni nini kilichokusukuma usome mambo ya afya? Nilitaka kuandika kuhusu Ayak, kwa sababu ndiyo kweli. Lakini kwenye karatasi Ayak ni mimi, na mimi siwezi kuwa nimekufa. Kwa hiyo marehemu nikampa jina langu. Niliandika kwamba nilikuwa na rafiki Mturkana aitwaye Amuria, akafa kwa malaria tukiwa watoto, nami nilikaa kando ya kitanda nikimshika mkono hadi mwisho. Hayo ndiyo yaliyowaliza.

Mama, sikumshika mkono. Sikuwa hata ndani. Siku ile, wewe na mama Atabo mkiwa naye kule hospitali ya kambi, mimi nilikuwa nje mlangoni nimevaa viatu vya Ayak, vile vyekundu alivyovuliwa alipolazwa. Sikuwa nimewahi kuvaa viatu. Nilikuwa natembea huku na huku nikisikiliza vinavyogonga saruji, na nilikuwa na furaha. Kisha nikakusikia ukilia. Nilivivua haraka nikavirudisha pale pale, na wewe mwenyewe ukanipa vile viatu baadaye, ukasema Ayak angependa nivivae. Nimekaa na jambo hili miaka kumi na minne. Nilikula chakula chake, nikasoma kwa jina lake, na mwisho nikauza kifo chake kwa mwaka mmoja wa chuo, tena nikajiweka mahali ambapo sikuwapo. Nisamehe. Kama huwezi sasa, nitangoja.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi iliyoandikwa na wakili wa hapa Lodwar. Inasema kwamba binti yako Ayak alifariki Kakuma mwaka 1999 na akazikwa huko. Chini kuna nafasi ya kidole chako. Najua hujawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu yeyote wa ofisi, na sasa nadhani hukumweka mtoto wa Atabo kwenye jina lake kwa sababu ya unga wa mgao peke yake. Ulitaka mtu aendelee kuitika. Sasa mimi ndiye ninayekuomba useme hayupo.

Chuo kinataka karatasi hiyo kabla ya Novemba. Bi Keziah ameniambia naweza kuomba mwakani kama mwenyeji, ikiwa nitakuwa na cheti chenye jina langu, ingawa hakuniahidi kitu. Lakini, Mama, sitaki kukulazimisha. Kuna siku naona afadhali cheti kibaki na jina la Ayak, angalau awe amehitimu. Na kuna siku nalitaka jina langu mpaka nashindwa kula. Yote mawili yananijia siku moja, asubuhi hili na jioni lile. Wewe ndiye uliyemzaa. Ukiweka kidole nitashukuru, na usipoweka, nitairudisha karatasi kwa wakili na sitakuuliza sababu.

Nisalimie Jal na wajomba wote, na wale mama wa kanisani waliosafiri pamoja nawe. Mama Atabo anasema kaburi analifagia kila Jumamosi, na amepanga mawe upya baada ya mvua za Aprili. Mungu akulinde, akuongezee nguvu.

Madut atarudi huku mwezi ujao. Kama huna neno la kuniandikia, si kitu. Nitamuuliza swali moja tu: alipomaliza kusoma, uliniita nani.

Ni mimi uliyenilea,

Amuria