Ndiyo Yangu na Yes Yao

Jumatano, Julai, Bariadi. Jua limewaka tangu asubuhi na vumbi la pamba limeganda puani. Sisikii hasira. Sisikii chochote.

Niandike lilivyotokea, maana kesho kila mtu mjini atakuwa na lake.

Mashine ya kuchambua pamba ilikwama. Mhandisi wa kigeni, aliyeletwa na wenye kiwanda, alikuja mbio akainama kwenye rola. Mimi, fundi umeme wa zamu, nilikuwa kwenye swichi.

"Hujazima?" aliuliza, kwa Kiingereza chake.

"Yes," nikamjibu.

Yaani ndiyo, sijazima. Sisi ndivyo tunavyojibu. Kumbe yeye alisikia kwamba nimezima. Akapeleka mkono. Rola ikavuta glovu, ikaitafuna yote. Mkono ulipona kwa sababu niliwahi swichi.

Mchana meneja akaniita. Mtanzania mwenzangu, wala hakupiga kelele.

"Kazi unaijua, Maduhu. Ila uongozi wa zamu nampa yule kijana wa Dar. Kiingereza chake kimenyooka."

Uongozi huo niliahidiwa mimi.

Ada ya chuo nilijilipia kwa kutengeneza redio na pasi pale Dutwa. Nikatoka na stashahada. Kiingereza kilikuwa kipindi kimoja kwa wiki, na tulichofundishwa ni barua ya kuomba kazi. Haya, kazi nilipata. Kumjibu mtu aliyeinama kwenye mashine, hilo halikuwamo. Enzi za ushirika, kabla makampuni binafsi hayajaingia, baba mdogo aliendesha mashine hizihizi kwa Kisukuma mpaka akastaafu.

Wenzangu wameshanibatiza. "Mister Yes, chooni hujazima taa?" Nikacheka nao. Kicheko kilitoka chenyewe.

Nyumbani mama akaniangalia usoni. "Kwa hiyo cheo hawajakupa?"

"Ndiyo, mayu."

Alinielewa palepale. Akanisogezea ugali.

Kesho kijana wa Dar anaanza, na mimi ndiye niliyepangiwa kumwonyesha mashine. Nitamwonyesha zote, hata ile yenye beringi mbovu. Halafu wakati wa chai nitamwomba anifundishe kuulizwa maswali kwa Kiingereza na kuyajibu. Aibu nitaimeza. Nafasi nyingine ikitokea msimu ujao, bado naitaka.

Ila kuna jambo moja halinitoki. Ningenyamaza tu nikazima, si ningekuwa kiongozi wa zamu sasa hivi?