Mti Upi ni wa Mbio

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha rangi.
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, kama bado uko hapo. U mzima? Kile kifua cha kubana wakati wa baridi kimekuachia? Unakula, au bado unaishi kwa chai na mkate kama mlinzi wa zamu? Nauliza mengi kwa mpigo kwa sababu tangu mwaka uanze hujajibu hata swali moja, basi nimeyarundika yote hapa uchague linalokufaa.

Sisi tunamshukuru Mungu. Mama miguu inamvimba akisimama sana, na kukaa hataki. Mimi na cherehani yangu tuko kwenye kibaraza kilekile, na wateja bado wanaleta kitambaa leo wakitaka gauni la jana. Shemeji yako hajambo, anakoroma. Mwanangu wa kwanza amerefuka mpaka anagonga kichwa mlangoni, ukirudi itabidi wewe ndiye umwamkie.

Simu yako ilikuwa ikiita bila kupokelewa, siku hizi haiiti kabisa. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii nampa dereva wa lori, mume wa jirani yetu, maana safari hii anapita mji wenu. Nimemwambia asimwachie mtu yeyote, akutafute mpaka akutie machoni. Unanijua nikimwambia mtu kitu.

Sasa habari. Baraza la mji limempa Mama tuzo. Ndiyo, Mama yetu huyuhuyu. Waliamua kuwaheshimu wakazi waliojitolea kwa ajili ya mazingira, na mtaa wetu ukatoa wawili: Mama, kwa kusafisha mto na kupanda miti kingo zote mbili, na Gundi, yule fundi viatu wa njia panda, kwa kukibana kiwanda cha rangi mpaka kikaacha kumwaga maji yake machafu mtoni. Unakumbuka alivyokuwa akikaa getini kwao na chupa ya maji ya mto, kila meneja akitoka anamkaribisha kinywaji. Basi uzee haujamfunga mdomo hata kidogo.

Mto wenyewe ungeuona usingeujua. Zamani ulibadilika rangi kufuata nguo walizokuwa wakitia rangi wiki ile, leo mwekundu, kesho zambarau. Sasa unaona mawe chini. Kila Jumamosi wanawake wa kikundi wanateremka na reki na magunia, Mama mbele na mabuti yake ya mpira, akigombeza kila mtu. Ile miti mliyopanda nyinyi watoto wa mtaa imekuwa mikubwa, ndege wanagombana humo mpaka sisikii cherehani yangu.

Na vitambaa bado vipo. Lazima unavikumbuka, maana mkasi ulikuwa wangu, na jina hilo ndilo mlilonibandika tangu siku ile. Mama alitaka kila anayepanda afunge kipande cha nguo yake kwenye shina, ajue mti wake, aumwagilie, asije akasingizia kwamba alidhani ni wa mwenzake. Nikaikata jezi ya njano ya ndugu yetu Mbio, akanikimbiza mtaa mzima. Nikalikata shati lako la buluu la mistari, ukalia. Mkaenda kupanda miwili yenu bega kwa bega pale karavatini, panapopita maji chini ya barabara.

Mimi sikuteremka nanyi, nilikuwa na nguo ya bibi harusi mezani. Mama alikuwa ng'ambo ya pili na watoto wadogo. Nani alichimba shimo lipi mlijua nyinyi wawili tu, na sasa unajua wewe peke yako.

Nitalitaja lile jambo, usiikunje barua. Mchana ule wa mafuriko karavati liliziba kwa takataka, maji yakaanza kuingia majumbani. Mbio akachukua mtaimbo akashuka kuligonga lizibuke, nawe ukashika kamba aliyojifunga kiunoni. Ulikuwa huna hata ndevu. Kamba ile ilivyolowa, hata mwanamume mzima ingemchomoka. Hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kusema vingine, mbele yako wala nyuma yako. Lakini wewe hukungoja kusikia tunasema nini. Udongo wa kaburi la Mbio ulikuwa haujakauka, ukaondoka.

Sijawahi kukuandikia hili, na leo naandika. Mvua ikinyesha sana, tunausikia ule mtaimbo. Ngo. Ngo. Halafu kimya kidogo, kama mtu anayepumzisha mikono. Ngo. Mara ya kwanza nilidhani ni bati limelegea, shemeji yako akapanda juu akapigilia misumari kila mahali. Bati limekaza, sauti ipo. Yeye husema ni jiwe linalogonga ndani ya karavati maji yakijaa, nami humkubalia, kisha namwona mwenyewe ameacha kutafuna.

Mama hasemi kitu. Hufungua mlango, akasimama kizingitini mpaka mvua ikatike, halafu huteremka kwenye mti wa kitambaa cha njano. Huuegemea akaongea nao. Humpa Mbio habari zote za nyumbani, nani kaolewa, nani kagombana na nani, mimi nimemjibu nini asubuhi. Kitambaa kikichakaa huja kwangu nimkatie kingine kutoka jezi ileile. Nimeitunza sandukuni pamoja na shati lako, na sasa nimefika kwenye mikono.

Tangu mvua za mwanzo wa mwaka, mti wa kitambaa cha buluu, yaani wako, umeanza kukauka. Ulianzia juu, ukawa unashuka tawi kwa tawi. Na ni wakati huohuo barua zako zilipokatika. Mama aliuzungushia samadi, akaubebea maji kwa ndoo na ile miguu yake, na kila akirudi anauliza kama simu imelia, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi imekwisha. Mimi nilimjibu kijeuri kwamba mti ni mti. Mdogo wangu, nilikuwa naogopa.

Basi ikafika siku ya tuzo, Jumamosi ya juma lililopita. Walifunga turubai kwenye uwanja ulio juu ya mto, viti vya plastiki, maua ya plastiki pia, sherehe ya mazingira hiyo. Mgeni rasmi alichelewa, akaomba radhi kwa hotuba ndefu kuliko kuchelewa kwenyewe. Mama alivaa gauni la kijani nililomshonea, akapewa ngao ya mbao yenye jani la shaba. Nilijisikia fahari, nililia hadharani, na wanawake wa kikundi walinicheka.

Ndipo Gundi akapewa kipaza sauti aseme machache. Machache ya Gundi unayajua. Akaanza na kiwanda, akapita kwa mameneja mmoja mmoja, akafika kwenye chupa, watu wakavunjika mbavu. Kisha akasema anataka kumsifu Mama kwa jambo ambalo Mama mwenyewe halijui. Akaeleza kwamba yale mafuriko yaliing'oa miti vitambaa vyote, na sisi tulipokuwa ndani msibani, yeye na wanawake wachache walivikusanya kwenye matope, wakavifua, wakavifunga tena.

"Tulibahatisha tu," akasema. "Nani angejua cha nani kilikuwa wapi? Tulitaka mama huyu akitoka nje avikute, asiuache mto. Na hakuuacha. Mpigieni makofi."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa namtazama Mama. Naye alikuwa akipiga, kiganja kwenye ngao, taratibu, halafu kiganja kikasimama. Nikajua amefika pale nilipofika mimi. Kama walibahatisha, basi mti aliokuwa akiuegemea miaka yote huenda ni wako, na unaokauka huenda ni wa Mbio. Au sivyo hivyo, na wako ndio unaokufa. Gundi wa watu alikuwa amesimama pale anatabasamu, hajui alichofanya.

Mvua ikaanza kupiga turubai. Watu wakasogeza viti katikati. Mshereheshaji akamwomba Mama aseme neno, akamshikisha kipaza sauti. Mama aliinamisha kichwa upande mmoja tu, anasikiliza. Sitakutilia chumvi. Kilichosikika kwa wengine sikijui, sikumuuliza mtu. Ila nilimwona Gundi akivua kofia yake polepole, akaishika mbele kwa mikono miwili, na tabasamu limekwisha.

Mama akasema asanteni, akarudisha kipaza sauti, akateremka mtoni na ngao yake na viatu vyake vya kutokea. Nikamfuata na mwavuli ambao haukusaidia kitu. Alisimama katikati ya ile miti miwili, akaweka mkono mmoja huku na mwingine kule, kama anavyowapima homa watoto waliolala kitanda kimoja.

"Ni yupi anayekufa?" akaniuliza.

Nikamsogezea ule mwavuli.

Gundi alikuja nyumbani kesho yake, macho mekundu, anataka kuomba msamaha. Mama alimkalisha, akamimina chai, akamwambia kwamba bila vile vitambaa asingetoka ndani mpaka leo. Alisema kwa moyo mmoja, nami naamini. Lakini Gundi alipoondoka Mama hakuosha hata vikombe, alikaa anaitazama ile chai iliyobaki.

Kwa hiyo nilianza kukuandikia nikiwa na swali moja tu: wako ulikuwa upande wa karavati au upande wa jiwe la kufulia? Niliandika karatasi nzima nikikubembeleza na kukutukana kwa zamu. Mama akanikuta, na kwa kuwa macho yake hayasomi tena maandishi madogo, akataka nimsomee. Nikasoma. Akaweka kidole juu ya karatasi.

"Hilo lifute," akasema. "Usimuulize mti."

Nikamwambia kwamba hakuna mwingine anayejua, na kwamba asipojua atakonda bure. Akanijibu kwamba mwaka wote amekuwa akimzika mtu bila kujua ni nani, na ukimwambia mti upi hutakuwa umemwambia kama u hai. Akasema kwamba ile kamba umeishika vya kutosha, asingependa nikushikishe na hili. Ni mara ya kwanza tangu siku ile nimsikie Mama akitaja kamba. Aliitaja bila hasira yoyote, mdogo wangu, nilikuwa namwangalia usoni.

Kisha akanituma sandukuni. Nilikata vipande viwili kwenye jezi na vipande viwili kwenye shati, kwa mkasi uleule. Tulishuka tukaufunga kila mti kipande cha njano na cha buluu pamoja. Sasa Mama huiegemea yote miwili, leo huu, kesho ule, na habari za nyumbani anazigawa nusu kwa nusu. Huu unaokauka bado unakauka, sitakudanganya. Ngao ameiweka juu ya kitanda chako, ambacho hutandikwa kila wiki kama vile uko safarini na unafika jioni.

Shemeji yako anakusalimu. Wanangu wanamsalimu mjomba wao, wanataka kujua kama kweli ulikuwa mfupi. Shangazi anakusalimu na kusema kwamba anakuombea ingawa hustahili. Gundi anakusalimu sana. Viatu ulivyomwachia kabla ya kuondoka alivimaliza zamani, vinaning'inia kibandani kwake, na kila anayetaka kuvinunua anafukuzwa. Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, akuepushe na mabaya yanayoonekana na yasiyoonekana, akurudishie usingizi kama ulipotea.

Usituambie mti upi ni wako. Andika neno moja tu, hata nyuma ya karatasi ya sukari, umpe dereva. Andika kwamba upo.

Naandika haya ya mwisho mchana na mvua imeanza tena. Nimesimamisha cherehani ili nisikie vizuri, ingawa sitaki kusikia. Ngo. Mama ameshafungua mlango, na safari hii hakukaa kimya. Ameinama kidogo kuelekea mtoni, kama mtu aliyebishiwa hodi, akauliza:

"Ni yupi huyo?"

Mjibu, mdogo wangu.

Ni mimi nikupendaye hata ukininunia,
dada yako,
Mkasi