Droo ya Baba na Odhiambo

Mama mpendwa,

Hili sijamwambia mtu: nikiomba, siombi kaka Odhiambo arudi. Naomba tu kati yake na Baba asipatikane wa kushindwa.

Sasa nikusalimie. Huku Mashimoni tuko wazima wa mwili. Mgongo wako unaendeleaje? Nyanya anakula vizuri?

Nilichelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi. Baba alimzaba Odhiambo kofi hapo tunapoteka maji, majirani wakiangalia, eti amechelewa kutoka mpira. Odhiambo akamjibu vibaya, akabeba godoro lake, akahamia Kawangware kwa rafiki yake wa kazi ya mjengo. Baba anasema mtoto ndiye huomba msamaha. Odhiambo anasema aliyepiga ndiye aanze. Mimi ndiye wa kwenda na kurudi, na kila mmoja huniuliza pembeni kama mwenzake amekonda.

Shuleni mwalimu wa Kiingereza ametufundisha kwamba droo, yaani sare, si neno la mpira peke yake. Watu wakigombana na hakuna aliyeshinda, husema imekuwa droo, wakaendelea na maisha. Nikafikiria kiwanja chetu. Magoli yetu ni ya mbao, yakiachwa usiku yanaibwa kuwa kuni, kwa hivyo timu iliyoshindwa huyabeba yote mawili, ikichekwa njia nzima. Wakitoka droo, kila timu inabeba goli moja. Siku hiyo hakuna wa kuchekwa.

Nilimwambia Odhiambo hivyo. Akacheka, "Buda wetu hajui droo. Akicheza nyumbani lazima ashinde."

Unajua vile mimi huogopa kuongea mbele ya Baba. Lakini yeye hupenda kunisikia nikisema Kiingereza, kwa hivyo jana nikajikaza, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba hii yao iwe droo.

Akanijibu kwa Kiswahili, polepole. "Na nani anaanza?"

"Hakuna, Baba. Kila mtu abebe goli lake. Wewe uende, yeye arudi."

Akaendelea kupiga viatu rangi. Leo tukitoka kanisani aliniambia nitangulie nyumbani, yeye akashika njia ya Kawangware.

Nisalimie Nyanya, mjomba anayetulimia shamba, na shangazi wa kwaya.

Mama, ngoja. Nasikia nyayo za watu wawili mlangoni, na kitu kizito kinasugua ukuta kama godoro. Siku zote mtu akija huwa nafunika barua yako na kitabu. Hii naiacha wazi mezani, waongeze salamu zao wenyewe.

Mtoto wako anayekukumbuka,
Akinyi