Hodi Niliyobisha Mimi

Jumapili, 2 Machi

Leo tumetazama ile filamu ya mpima ardhi, iliyopata tuzo nne. Nne! Mtu anatembea nyikani na fimbo yake ya kupimia, anasimama, anautazama mlima, mlima unamtazama. Wasomi wameandika kwamba ukimya wake unazungumza. Mimi nimefundisha fasihi miaka thelathini na minne, na najua kutofautisha ukimya unaozungumza na ukimya wa mtu asiye na la kusema. Huu ni wa pili.

Mume wangu, mzee wangu, haoni. Tuseme haoni vizuri — mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa pili sasa. Anaona mwanga na vivuli, kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha bafuni. Basi mimi ndiye msimulizi wake. Yeye kwenye kiti alichokichonga mwenyewe, mimi kushoto kwake. Filamu ikiwa ya lugha ya kigeni, namsomea maandishi ya chini. Wahusika wakinyamaza, namweleza picha. Kila baada ya muda anauliza neno moja tu: "Sasa?"

Leo ilikuwa hivi. Sasa? Anautazama mlima. Sasa? Bado anautazama. Bado? Bado.

Dakika ya tisini nikabonyeza rimoti, nikazima. Nikamwambia imeisha.

Akafikiri kidogo. "Fupi," akasema, "lakini ina maana."

Dhambi ndogo. Chai ilikuwa tamu.

Jumanne, 4 Machi

Filamu ya daktari wa meno anayeiba benki. Haijapata tuzo yoyote, na magazeti yaliisema vibaya. Nzuri sana! Nieleze kwa nini, ingawa hakuna anayeniuliza: kila mtu ndani yake anataka kitu. Hata yule mlinzi anayeonekana mara mbili tu anataka kwenda haja, na polisi hawamruhusu. Mwongozaji anayekumbuka haja ya mlinzi anawapenda watu. Wale wa tuzo wanapenda milima.

Mzee alicheka mpaka nikampigapiga mgongoni. Sikubadilisha hata neno. Filamu nzuri haihitaji msaada wangu.

Zile mbaya ndizo ninazozisaidia. Niandike ukweli, maana daftari hili halina msomaji: nimekuwa nikizirekebisha. Mwanzoni kidogo tu — neno hapa, busu pale (mabusu nayaruka, si umri wetu kuyasimulia). Halafu nikanogewa. Rubani wa ile filamu ya vita alikufa duniani kote. Nyumbani kwetu aliokoka, akafungua duka la vyungu vya maua.

Jioni binti yetu akapiga simu. Tarehe ya hospitali imepatikana, Alhamisi ya wiki ijayo. Wataanza na jicho la kulia. Yeye ni mfamasia, anawajua madaktari wa macho, anasema kazi yenyewe ni nusu saa tu.

Mzee aliishika simu kwa mikono miwili kama kikombe. Akamwambia mwanawe kwamba bandeji ikitoka tu, kitu cha kwanza atakachotazama ni ile filamu ya fundi saa. Kwa macho yake mwenyewe.

Nilishukuru Mungu kwa habari ya hospitali. Halafu nikakaa chini.

Jumatano, 5 Machi

Ile ya fundi saa, tuliyoitazama mwaka jana. Niiandike yote, huenda ikaonekana ndogo nikiiweka kwenye karatasi.

Ni mzee mmoja anayetengeneza saa katika duka lake. Hasemezani na ndugu yake tangu zamani. Mwishoni yule ndugu anasafiri siku mbili, anafika, anasimama ng'ambo ya barabara. Mvua inanyesha. Anaiona taa ya duka. Fundi saa ndani anatia funguo saa moja baada ya nyingine. Basi linapita mbele ya kamera — na likishapita, ndugu hayupo. Ameondoka. Hakubisha hodi. Mwisho.

Ilipata tuzo nyingi kuliko zote. Mimi niliikasirikia kama mtu aliyeibiwa. Na mzee wangu akauliza, "Sasa?"

Nikasema: anavuka barabara. Sasa? Anabisha hodi. Sasa? Mlango unafunguliwa, ndugu anaingia na maji yanamchuruzika, fundi saa anavuta kiti cha pili.

Mzee alilia. Nami nikasema moyoni, hii ndiyo filamu waliyopaswa kuitengeneza.

Ningeishia hapo, ningelala usingizi mnono. Lakini asubuhi yake aliniambia nimtafutie namba ya mdogo wake. Huyu shemeji yangu naye ni seremala. Baba yao alipofariki alimwachia meza ya kazi, ya mbao nzito, ambayo vijana wote wawili walifundishwa juu yake kushika randa. Shemeji akaipeleka kwenye karakana yake mpya, ikakataa kupita mlangoni. Akaikata katikati kwa msumeno! Mlango angeweza kuubomoa. Meza ya baba yao akaikata. Mzee hakumsemesha miaka kumi na mmoja.

Siku ile akampigia. Nilisikia kwa masikio yangu: "Nimeona sinema moja. Mtu kavuka barabara, kabisha hodi. Nikaona haya."

Sasa wanazungumza kila Ijumaa. Na mimi ndiye niliyebisha ile hodi.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji amepiga. Atakuja kumjulia hali kaka yake, Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Hawajaonana uso kwa uso tangu meza ile. Mzee akamwambia watatazama fundi saa pamoja, wote watatu.

"Hiyo uliyoniambia?" shemeji akauliza. Sauti yake husikika mpaka jikoni. "Ile anayobisha hodi?"

"Hiyo hiyo."

Nilikuwa nikimenya viazi. Nilimenya vingi kuliko tulivyohitaji.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemweleza binti yetu. Kicheko! Alicheka mpaka nikaiweka simu mbali na sikio.

"Mama! Umemdanganya mgonjwa!"

Nikamwambia sikumdanganya, nilitafsiri.

"Na rubani je? Baba aliniambia aliokoka, nikagombana na mume wangu!"

"Aliokoka kwetu."

Ushauri wake: flashi yenye filamu ipotee. Ianguke kwenye ndoo ya maji. Nikamkumbusha kwamba nilimchapa yeye mwenyewe kwa kudai kwamba daftari la hesabu lilianguka kwenye ndoo ya maji. Akasema kwa sauti nyingine: basi mwambie, mama. Kabla hajaona.

Baada ya chakula nilianza. Nikasema, mzee wangu, kuna jambo kuhusu zile sinema. Akageuza uso kuelekea sauti yangu — anageuka kidogo kupita nilipo, daima — akatabasamu. "Najua. Umechoka kunisimulia. Siku tatu tu, Mwalimu, utapumzika."

Nikasema ndiyo, hilo ndilo jambo lenyewe. Muoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Imekwisha salama. Nusu saa kweli. Muuguzi alimwambia asiiname, asinyanyue kitu kizito, asisogelee vumbi la mbao. Mzee akauliza, na vumbi la kumbukumbu? Muuguzi hakucheka. Ana wagonjwa wengi.

Ijumaa, 14 Machi

Bandeji imetoka. Daktari alimwuliza anaona vidole vingapi. Akasema vitatu. Kisha akanigeukia — kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili akanitazama pale pale nilipo, si pembeni.

Akanitazama muda mrefu.

"Mwalimu! Kumbe umezeeka! Hilo hukunisimulia."

Daktari aliinama akajifanya anaandika. Mimi nilicheka, nikalia, nikatafuta leso kwenye mkoba, nikatoa karatasi ya dukani.

Nyumbani alizunguka chumba kwa chumba. Ukuta mmesahau kuupaka rangi. Kiti changu nani kakikwaruza. Saa ya ukutani iko nyuma dakika nne. Nimempata tena mume wangu kama alivyokuwa zamani, na kelele zake zote!

Jumapili, 16 Machi

Anatazama mwenyewe sasa. Taarifa ya habari, mpira, tangazo la sabuni. Bado anauliza "Sasa?" kwa mazoea, halafu anajicheka.

Leo nilitoka kununua mkate. Niliporudi nikamkuta kwenye kiti chake, televisheni imezimwa, rimoti iko juu ya goti.

"Ile ya mpima ardhi," akasema, "ina nusu nyingine."

Mkate nikaushikilia tu.

"Nusu ya pili ndiyo nzuri," akasema. "Kumbe mlimani ndipo alipozikwa mtoto wake. Ile fimbo anayopimia, waliichonga wote wawili." Kisha akainuka, akaenda kunywa maji. Wala hakukasirika — ningependa angekasirika, hasira yake naijua njia.

Jumatatu, 17 Machi

Yeye akiwa amejilaza mchana, nimeitazama nusu ya pili. Niandike kwa mkono wangu: nilikosea. Ni filamu kubwa. Ukimya wote ule wa mwanzo ulikuwa wa mtu anayeogopa kukaribia, na mwongozaji alitutembeza naye ili tuogope pamoja. Miaka thelathini na minne niliwaambia wanafunzi, msihukumu kitabu kabla ya ukurasa wa mwisho. Nami nilizima dakika ya tisini kwa sababu nilitaka chai.

Sasa simwamini hata yule mhakiki aliyemo ndani yangu aliyeikasirikia fundi saa. Huenda haikuwa mbaya. Huenda ilinichoma tu. Nilipomwona yule ndugu ng'ambo ya barabara, sikumwona mwigizaji. Nilimwona shemeji na nusu ya meza.

Jumatano, 19 Machi

Mzee anasafisha sebule. Amekipiga msasa kiti cha pili, ingawa alikatazwa vumbi. Nimemfokea. Akavaa miwani ya jua, akaendelea na msasa.

Akaniuliza, mikono ikiwa kazini, kama ile ya rubani nayo ina nusu nyingine.

Nikasema, ile ina mwisho mwingine.

"Aha," akasema. Akapuliza vumbi.

Nilisubiri aulize ya fundi saa. Hakuuliza. Nami sikusema. Watu wazima wawili, miaka arobaini na sita ya ndoa, tunazungushana kama watoto wanaoficha kikombe kilichovunjika!

Jumamosi, 22 Machi

Naandika jikoni, nimesimama, kwa haraka.

Shemeji alifika saa nane mchana. Amenenepa, nywele zimekwisha. Hakubisha hodi — mlango ulikuwa wazi, mzee alikuwa amesimama pale tangu saa sita. Walitazamana. Shemeji akasema, "Kaka, umekonda." Mzee akasema, "Nywele zako umezipeleka wapi?" Wakashikana mikono, hawakuachiana mpaka wakafika kwenye viti. Meza haikutajwa.

Tukala. Kisha mzee mwenyewe akachomeka flashi. Nilimwambia shemeji amechoka na safari, tuweke ile ya daktari wa meno. "Hapana," akasema, "huyu kaja kuona hodi."

Ile filamu ni polepole, na shemeji alikuwa ameshiba. Mvua ya mwisho ilipoanza kunyesha kwenye kioo, alikuwa akikoroma, kidevu kifuani. Mzee alikuwa amekaa wima. Ndugu akatokea, akasimama ng'ambo ya barabara, akaiona taa.

Mzee akabonyeza rimoti. Picha ikasimama. Basi lilikuwa limeshaanza kuonekana pembeni, pua yake tu.

Aliuliza kwa sauti ya chini, asimwamshe mdogo wake: "Hapa ndipo uliposema anavuka."

Nikasema ndiyo.

"Anavuka?"

Nilimtazama. Macho yake — moja safi, moja bado lina wingu — yote mawili yako juu yangu, pale pale nilipo. Nikasema naenda kuweka maji ya chai. Nikaja huku. Sijui nilitegemea nini jikoni. Kuna birika, kuna daftari hili.

Nimeamua kumwambia. Nimeandika ili nisiweze kurudi nyuma: nitamwambia kwamba hakuvuka, kwamba aliyevuka ni yeye, kwa simu, asubuhi ile, na hilo halikuwa sinema. Lakini nimwambie mbele ya shemeji? Au nimwache abonyeze, basi lipite?

Nasikia kiti kinalia. Shemeji ameamka. Anapiga miayo, anauliza wamefika wapi, mtu keshabisha?

Kisha sauti ya mzee wangu, bila haraka yoyote:

"Bado yuko ng'ambo ya barabara. Nimemsimamisha. Subiri, Mwalimu anakuja kutusimulia."

Maji yamechemka.